Kope ni ngozi au ni nywele? Tezi za jicho zafichua kasoro ya istilahi zetu

MTU akikwambia, “Kope zangu zinaniwasha,” utamtazama wapi? Kwenye ngozi inayofunika jicho, au kwenye nywele zilizojipanga ukingoni mwa ngozi hiyo? Sentensi yenyewe haina doa la kisarufi. Nomino, kivumishi na kitenzi vimepatana barabara. Hata hivyo, swali letu halina jibu. Kasoro haiko kwa msemaji bali katika neno alilopewa na lugha. Nia yangu leo ni kulihakiki neno hilo na jamaa zake, maadamu ndiyo tunayoyategemea kila tunapoyaeleza maradhi ya macho kwa Kiswahili.

Hebu tuanze na ngeli. Kiswahili kina nomino ukope ya ngeli ya U-ZI, yaani unywele mmoja wa jicho. Wingi wake ni kope. Kiswahili kina pia nomino kope ya ngeli ya I-ZI, yaani ngozi inayoshuka juu ya jicho mtu anapolala au anapopepesa. Wingi wake ni kope vilevile. Katika umoja hatuna tatizo: ukope wangu umeng’oka, kope yangu imevimba. Katika wingi tofauti inayeyuka: kope zangu, kope hizi, kope zinazouma. Upatanisho wa kisarufi, ambao aghalabu hutuokoa katika utata wa namna hii, hapa unanyamaza kimya. Tena macho ni mawili, na kila jicho lina kope ya juu na ya chini, kwa hivyo mara nyingi tunayataja mambo haya katika wingi, pale pale ambapo lugha inatuacha gizani.

Mitaani hali ni ngumu zaidi. Wazungumzaji wengi wa Nairobi na miji mingine ya bara wameuweka kando upatanisho wa ngeli ya U-ZI. Husema “kope yangu imeng’oka” kwa unywele na “kope yangu imevimba” kwa ngozi, wala hawaoni tatizo. Nazo saluni zimeongeza lao. Siku hizi “kuweka kope” au “kubandika kope” ni kugundisha nywele bandia. Msichana wa mjini akisikia neno kope, picha inayomjia kwanza ni ya nywele. Nyanyake huenda akafikiria ngozi kwanza. Wawili hawa wakisoma kijikaratasi kimoja cha ushauri wa afya, kila mmoja atatoka na kiungo chake.

Ndani ya mgogoro huu mdogo wa nyumbani ndimo anamoingia mfasiri na istilahi yake: tezi za kope. Amekutana na habari za tezi zinazopatikana kwenye kope, akatafuta neno la kiungo, akatafuta neno la mahali, akaziunganisha kwa kihusishi, basi, kazi imekwisha. Ni istilahi fupi, nyepesi, inayotamkika bila taabu. Ukiigusa lakini, inavunjika mara mbili: kwenye kope na kwenye tezi.

Ili tuone inavyovunjika, sharti tujue kilichomo ndani ya kope. Ngozi hii ni nyembamba mno, lakini imesheheni. Ndani yake mna kipande cha tishu imara kinachoipa umbo. Ukikigusa utadhani ni gegedu, ingawa si gegedu. Humo zimejipanga tezi ndefu na wima, moja kando ya nyingine, mfano wa meno ya kitana. Kope ya juu huwa na takriban 25 hadi 40, ya chini takriban 20 hadi 30. Kazi yake ni kutoa mafuta. Vitundu vyake vinafunguka ukingoni mwa kope, nyuma ya mstari wa nywele, upande ulio karibu na jicho. Kila tunapopepesa, misuli ya kope huzibana kidogo, mafuta yakachuruzika, na kope yenyewe ikayatandaza juu ya machozi. Bila utando huo wa mafuta, machozi yangekauka upesi kama maji yaliyomwagwa kwenye saruji adhuhuri. Tezi hizi zinajulikana kwa jina la Heinrich Meibom, tabibu Mjerumani wa chuo kikuu cha Helmstedt, aliyezieleza katika andiko lake la mwaka 1666.

Hilo ni kundi la kwanza tu. Kundi la pili liko kwenye shina la kila ukope. Ni tezi ndogo za mafuta zinazoulainisha unywele wenyewe, nazo zina jina la Eduard Zeis, mpasuaji Mjerumani aliyeishi kati ya 1807 na 1868. La tatu liko papo hapo karibu na mashina ya nywele. Hizi ni tezi za jasho zilizobadilika umbo, zilizopewa jina la tabibu Mholanzi, Jacob Anton Moll. La nne na la tano yako upande wa ndani wa kope, chini ya utando laini unaogusana na jicho. Ni tezi ndogo za machozi zenye majina ya Krause na Wolfring. Husaidiana na ile tezi kubwa ya machozi iliyojificha juu ya jicho, kuelekea upande wa nje, kulilowesha jicho usiku na mchana.

Makundi matano, basi, na kazi tatu: mafuta, jasho na machozi. Istilahi tezi za kope inayatia yote katika kapu moja. Mbaya zaidi, ukilielewa neno kope kwa maana ya saluni, tezi za kope zitakuwa zile za Zeis na Moll, zinazoandamana na nywele. Ukilielewa kwa maana ya nyanya, zitakuwa zote tano. Mfasiri naye, mara nyingi, alikusudia zile za Meibom peke yake. Hapo istilahi moja imezaa maana tatu, na iliyokusudiwa ndiyo msomaji asiyoweza kuifikia kwa njia yoyote.

Sasa tuligeukie tezi. Mabaharia wa pwani wanalifahamu neno hili kwa maana yao: tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni ya mbele. Ndipo wahenga wakanena kuwa kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ya tabibu ni nyingine kabisa, na hakuna hatari ya kuzichanganya, kwa sababu hakuna anayeingia kliniki akitafuta shetri ya jahazi. Hatari iko katika maana mbili za mwilini. Tezi ni kiungo kinachotengeneza majimaji fulani, mathalani mate au jasho. Tezi pia ni uvimbe usiotakiwa: wa shingoni, wa kinenani, na kadhalika. Katika mazungumzo ya kila siku maana ya pili ndiyo yenye nguvu. Mtu akisema “baba ana tezi,” hakuna anayemwuliza, “Nani hana?” Wanampa pole.

Kwa hivyo mgonjwa anayetoka kliniki akiwaambia jamaa zake, “Nimeambiwa niko na tezi kwa jicho,” amekigeuza kiungo cha kawaida kuwa ugonjwa. Tezi hizo alizaliwa nazo. Kila mtu anazo. Kilichomleta kliniki ni kuziba kwake. Lakini neno kuziba limepotea njiani, likabaki tezi peke yake, nalo kwa sikio la Mswahili linatosha kuwa msiba. Usistaajabu akianza kuchangisha pesa za upasuaji.

Je, tuliache neno tezi? La hasha. Lugha yenyewe imekwisha kutuonyesha namna ya kulitumia bila kutisha. Tunasema tezi za mate. Tunasema tezi za jasho. Tunasema tezi ya machozi. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa neno la pili linaeleza kazi. Tezi ya mate hutoa mate, mambo yamekwisha. Huu ndio utaratibu uliozoeleka katika Kiswahili: tezi hutajwa kwa kile inachokitoa. Anayesema tezi za kope ameuvunja utaratibu huo, ameitaja kwa mahali inapokaa. Kope haitolewi na tezi yoyote. Msomaji anayefuata mantiki ya lugha yake atauliza: tezi hizi zinatoa kope? Swali litaonekana la kichekesho, lakini kisarufi ni la haki.

Kuna wataalamu watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kuyachukua majina ya wenye kuzigundua: tezi za Meibom, tezi za Zeis, tezi za Moll. Hoja yao ina uzito. Majina hayo yanatambulika kote duniani, hayana utata, na mwanafunzi wa udaktari atakutana nayo katika vitabu vyake apende asipende. Kwa kitabu cha chuo kikuu sina pingamizi. Lakini istilahi nzuri hupimwa kwa zaidi ya usahihi. Hupimwa pia kwa uwazi, yaani uwezo wa kumfungulia msikilizaji mlango wa maana. Jina Meibom linamweleza nini mama wa Kibwezi kuhusu jicho la mwanawe? Linamweleza kwamba palikuwa na Mzungu. Halimwelezi kwamba jicho lake linahitaji mafuta, na kwamba mafuta hayo yameganda.

Ugumu wa pili uko katika kile kinachoitwa “jicho kavu”. Mafuta ya kope yakipungua, machozi hukauka haraka, na jicho huwashwa kama limetiwa mchanga. Jicho lililokereka hujitetea: tezi kubwa ya machozi hufunguliwa kama mfereji, mgonjwa akabubujikwa na machozi mashavuni. Mgonjwa huyu anaingia kliniki na leso mkononi, anasema, “Daktari, macho yananitoka maji siku nzima.” Anaambiwa, “Una tatizo la jicho kavu.” Utamlaumu akidhani anafanyiwa mzaha? Ameeleza mafuriko, akajibiwa ukame. Wapo watakaoipokea dawa kwa adabu na kuitupa njiani, kwa kuamini kwamba daktari hakuwasikiliza.

Jina jicho kavu limefuatwa neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, na hata huko lilikotoka linawatatiza wagonjwa. Sisi hatukulazimika kuukopa utata wa wenzetu. Tungesema “machozi yasiyodumu” au “machozi yanayokauka upesi,” na papo hapo maelezo yangekuwa ndani ya jina. Machozi yapo, tena tele. Hayana mafuta ya kuyashikilia. Mgonjwa anaelewa kwa nini analia na kwa nini bado jicho linawaka.

Tatu ni chokea. Hili ni neno letu zuri la asili, halihitaji msaada wa mtu. Chokea ni kijipu kinachoota ukingoni mwa kope: chekundu, chenye usaha na maumivu. Hutokea bakteria wanapoingia katika tezi ndogo za kwenye shina la ukope, na pengine katika zile ndefu za mafuta. Aghalabu hupasuka na kupona chenyewe baada ya siku chache. Lakini kuna uvimbe mwingine, mgumu, wa mviringo, usiouma, unaokaa kwa majuma au miezi. Huo hutokana na tezi ya mafuta iliyoziba hadi mafuta yakavuja ndani na kuukereketa mwili. Watu wengi huuita chokea pia.

Lugha nyingine zilitofautisha mapema. Walatini waliita chokea kwa jina la punje ya shayiri, na Wagiriki wakauita ule uvimbe mgumu kwa jina la punje ya mvua ya mawe. Wajerumani hadi leo wanatumia picha hizo hizo mbili, shayiri na barafu. Mkulima yeyote wa zama hizo angejua kwa vidole vyake tofauti ya punje laini na punje ngumu. Sisi pia tuna vidole. Tuna neno kinundu, linalosema sawasawa kile kinachohisiwa. Chokea kibaki kwa kile chenye maumivu na usaha, na kinundu cha kope kiwe jina la kile kigumu kisichouma. Hii si anasa ya wanaisimu. Kinundu kinachorudi mara kwa mara mahali pale pale, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa, kinapaswa kupimwa hospitalini, kwani kwa nadra huweza kuwa saratani ya tezi za mafuta. Mzee anayeambiwa na majirani, “Ah, hiyo ni chokea tu, itapona,” ameponzwa na uhaba wa maneno.

Msomaji asije akadhani kwamba Kiswahili ni mhitaji katika kila jambo. Upo upande mmoja wa habari hii ambako lugha yetu inawazidi wengi, nao ni upande wa tiba. Mafuta ya tezi hizi huganda yanapopoa na kuyeyuka yanapopata joto, mfano wa samli kwenye kopo asubuhi ya baridi. Ndiyo maana matabibu hushauri mambo mawili: kulipasha moto jicho lililofumbwa kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya moto yasiyochoma, kwa muda wa dakika 5 hadi 10, kisha kuisugua kope taratibu kuelekea ukingoni ili mafuta yaliyoyeyuka yatoke. Lugha ninazozifahamu za kigeni zinahitaji maneno mawili kwa kazi hizi mbili. Kiswahili kina moja: kukanda.

Kukanda ni kutia joto la maji mahali panapouma. Kukanda ni kubonyezabonyeza mwili kwa mikono. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto, na kila aliyekulia katika familia ya Waswahili anajua kwamba joto na mkono huenda pamoja. Ukimwambia mgonjwa, “Likande jicho lako asubuhi na jioni, ukilifumba, halafu uisukume kope taratibu kuelekea kwenye nywele,” umempa tiba kamili. Sasa mtazame mfasiri anayelipita neno hili na kuandika “weka mkandamizo vuguvugu juu ya kope”. Mkandamizo! Anayekandamizwa ni raia chini ya utawala dhalimu. Na kama kope ni nywele, mkandamizo huo utawekwa wapi? Hapa ndipo uhakiki wangu unapokuwa mkali kidogo, kwa kuwa kosa hili halitokani na umaskini wa lugha. Neno lilikuwepo jikoni na uani, mfasiri akaenda kulitafuta kamusini.

Vivyo hivyo kwa wanja. Wapwani wamepaka wanja macho kwa karne nyingi, na kwa Kiarabu jina la kale la tabibu wa macho limetokana na neno hilohilo la wanja. Leo wapo wanaoupaka ndani kabisa, kwenye ukingo ulio nyuma ya nywele, ambako vitundu vya tezi za mafuta vimefunguka. Hapo wanja huweza kuingia katika machozi na kuviziba vitundu. Ukitaka kumwonya mpaka wanja, usimwambie “usipake wanja kwenye kope,” maana atakushangaa: wanja ungepakwa wapi kwingine? Mwambie, “Usipake nyuma ya nywele.” Neno ukingo na neno nywele yanatosha kuuokoa ushauri mzima.

Mifano hii yote inaweza kuonekana midogo. Chokea hupona, wanja hufutika. Lakini kuna mahali ambapo utata wa neno kope unagusa upofu wenyewe. Nazungumzia trakoma, ugonjwa ambao majirani zetu wa Tanzania wanauita vikope. Husababishwa na bakteria wanaosambazwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na umekuwa tatizo la miaka mingi katika maeneo ya wafugaji kama Turkana, Narok na Kajiado. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope ya juu hupata makovu. Makovu hujikunja. Miaka mingi baadaye, mtu akiwa mzima, ukingo wa kope huvutwa ndani, nazo nywele zikaanza kukikwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Tezi za mafuta nazo huharibiwa na makovu hayo hayo, jicho likakosa kinga yake. Mwisho wake ni giza.

Tazama sasa sentensi ambayo mhudumu wa afya anaweza kuitamka kwa nia njema: “Kope zako zimegeukia ndani.” Ngozi imegeuka, au nywele ndizo zilizogeuka na ngozi iko sawa? Kitabibu hayo ni mambo mawili, ingawa mara nyingi huandamana. Nayo matibabu hutofautiana. Penye nywele chache tu, pengine hushauriwa zing’olewe. Penye ngozi iliyojikunja, hufanywa upasuaji wa kuugeuza ukingo wa kope utazame nje. Mhudumu akisema, “Tutang’oa kope,” mama anayeielewa kope kuwa ngozi atakimbia, na mimi ningemfuata. Akisema, “Tutakata kope,” anayeielewa kuwa nywele atakubali haraka, akidhani ni kazi ya mkasi, kumbe ametoa idhini ya kisu.

Tukumbuke pia kwamba huko mashinani Kiswahili mara nyingi ni daraja. Mafunzo yameandikwa kwa Kiingereza, mhudumu anayapokea kwa Kiswahili, kisha yanaelezwa kwa Kiturkana au Kimaasai. Daraja likiwa na ubao uliooza, mzigo hauanguki upande mmoja tu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria uchaguzi wa lugha: Kiingereza au Kiswahili. Lakini mtu anaweza kuambiwa kwa Kiswahili sanifu, cha kupendeza, na bado asielewe kitakachofanywa kwenye jicho lake. Idhini ya namna hiyo ina sahihi bila kuwa na maana.

Nimesikia utetezi kwamba utata ni hali ya kawaida ya lugha, na muktadha hutatua. Ni kweli. Kaa ni kitendo, ni mnyama wa baharini, ni kaa la moto, na hatujaangamia. Tena washairi wetu wangepoteza nusu ya utamu wa tungo zao kama kila neno lingefungwa kwa maana moja. Lakini muktadha hutatua pale ambapo maana mbili ziko mbali, kama kaa wa pwani na kaa la jikoni. Kope na kope ziko milimita moja baina yake. Muktadha wa moja ndio muktadha wa nyingine. Wala si Waswahili peke yao waliokumbwa na jambo hili. Neno la Kilatini cilium lilianza likimaanisha ngozi ya jicho, baadaye likahamia kwenye nywele. Matabibu hawakungoja muktadha uwatatulie. Walishikilia neno jingine, palpebra, kwa ngozi, wakaiachia cilium nywele zake.

Napendekeza basi mambo machache, yote yakiwa ya maneno tuliyo nayo. Kope ibaki ngozi, katika ngeli ya I-ZI, na itajwe kwa upande wake: kope ya juu, kope ya chini. Zile nywele ziitwe nywele za kope kila panapozungumzwa afya, na mwenye kutaka umoja wa kisanifu atumie ukope. Pale ambapo ngozi inakutana na nywele paitwe ukingo wa kope. Tezi za Meibom ziwe tezi za mafuta za kope. Za Zeis ziwe tezi za mafuta za shina la ukope. Za Moll ziwe tezi za jasho za ukope. Za Krause na Wolfring ziwe tezi ndogo za machozi. Majina ya wataalamu yaandikwe kando kwa ajili ya wanafunzi. Ni marefu kidogo kuliko tezi za kope, nakiri. Lakini urefu wa neno moja au mawili ni gharama ndogo ikilinganishwa na mgonjwa anayerudi nyumbani na ugonjwa asiokuwa nao.

Watunzi wa kamusi nao wana la kufanya. Haitoshi kuorodhesha kope mara mbili na kumwachia msomaji achague. Kamusi ingefaa kuonyesha kwa mifano kwamba maana hizi zinagongana katika wingi, na kumshauri mwandishi namna ya kuepuka mgongano huo. Wahariri wa vijikaratasi vya afya wafanye jaribio moja rahisi kabla ya kupiga chapa: wampe mtu asiye daktari asome, kisha wamwambie aonyeshe kwa kidole. Wasimwulize kama ameelewa, maana kwa heshima atasema ndiyo. Wamwulize, “Ni wapi?” Kidole kikienda kwenye nywele ilhali maandishi yalikusudia ngozi, karatasi irudi kwa mfasiri.